Kwa Nini Nilihamishia Ununuzi wa Dawa Zangu Mtandaoni

Watu wanaposikia kwamba dawa zangu za presha huletwa na boda boda hadi langoni, hudhani nilifuata bei nafuu. Bei ilichangia, lakini haikuwa sababu ya kwanza. Natumia amlodipine na losartan, dawa zinazopaswa kumezwa kila siku hata mgonjwa anapojihisi mzima, kwa kuwa shinikizo la damu hupanda bila kutoa dalili. Katika maduka ya dawa ya mtaani kwetu Umoja, hapa Nairobi, mara nyingi nilipata moja na kukosa nyingine. "Mama, hiyo ya miligramu hamsini imeisha, pitia Ijumaa," ndilo jibu nililozoea, na kwa mwalimu anayetoka shuleni jioni, kuzunguka duka baada ya duka kutafuta kidonge kimoja ni kazi nyingine kamili. Mtandaoni nilijua kabla ya kulipa kama dawa ipo au haipo.

Sababu ya pili ni ile ambayo wengi hawaisemi. Kaunta ya duka la dawa haina pazia. Nyuma yangu alikuwa akisimama jirani au mzazi wa mwanafunzi wangu, nami nilitaja dawa kwa sauti ya chini, nikalipa na kuondoka bila kuuliza lolote. Iwapo mimi mwenye presha tu niliona haya, sishangai kwamba anayenunua dawa za kupanga uzazi, au anayetibiwa ugonjwa wa zinaa, huona afadhali kuagiza kwa simu akiwa chumbani kwake.

Kazi kubwa ilikuwa kuchagua duka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja kati ya kumi za tiba ni bandia au haifikii kiwango, na hesabu hiyo inahusu hata zile zinazouzwa madukani, si za mtandaoni pekee. Kwa hiyo nilitafuta duka lenye jengo linalojulikana na mfamasia anayetajwa kwa jina. Nchini Kenya, maduka yaliyosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu hupewa nambari ya usalama ambayo mteja anaweza kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 21031 ili kuthibitisha usajili wake. Kipimo changu cha mwisho kilikuwa chepesi zaidi: muuzaji aliyekuwa tayari kunitumia losartan bila kudai agizo la daktari, nilimwacha papo hapo.

Duka nililolichagua lilitaka nipige picha agizo la daktari na kuipakia, kisha mfamasia akanipigia simu kabla ya kuidhinisha. Aliniuliza kama kuna dawa nyingine ninayotumia, hata ile isiyoandikwa na daktari. Nikamtajia ibuprofen ya maumivu ya magoti. Akanieleza kwamba ibuprofen inaweza kupandisha presha, na ikitumiwa pamoja na losartan inaweza kudhuru figo. Akapendekeza paracetamol na kunisihi nimfahamishe daktari wangu. Mazungumzo hayo sikuwahi kuyapata kwenye kaunta yoyote, na siwalaumu wahudumu wake, kwani hata wangeniuliza, nisingejibu kwa uwazi huku foleni ikisikiliza.

Kuhusu bei, faida ni kwamba kampuni mbalimbali zinazotengeneza dawa ileile huonekana pamoja, kila moja na gharama yake, na mfamasia alinithibitishia ni ipi ya bei ya chini ninayoweza kuitumia badala ya ile ya jina kubwa. Hata hivyo nauli ya boda boda humeza akiba yote ukiagiza pakiti moja moja, kwa hiyo mimi huagiza dawa zote kwa pamoja. Kifurushi kikifika, hukifungua mbele ya aliyekileta, nikalinganisha nambari ya bechi (toleo la dawa lililotengenezwa kwa pamoja) kwenye kasha na ile ya kwenye karatasi ya vidonge, nikatazama tarehe ya mwisho wa matumizi, ndipo nikalipa kwa M-Pesa.

Wanaotangaza dawa za kupunguza mwili kwenye makundi ya WhatsApp siwagusi kabisa. Sibutramine, dawa ya kupunguza mwili iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo, imekutwa mara nyingi ndani ya bidhaa za aina hiyo zinazodaiwa kuwa za mitishamba mitupu, na mtu mwenye presha ndiye wa kwanza kuumia.

Insulini ya mama mkwe wangu pia sijaihamishia mtandaoni. Kabla ya kufunguliwa inapaswa kukaa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8, na sina njia ya kujua imekaa juani kwa muda gani ikiwa nyuma ya pikipiki kwenye msongamano wa Jogoo Road. Hiyo naichukua mwenyewe, nikiwa nimeizungushia taulo ndani ya kibebeo chenye barafu, kwa kuwa insulini iliyoganda haifai tena kutumika.