Jiko la gesi likiwaka kinyonge, usianze na mtungi

Maji ya ugali hayachemki, moto ni mdogo na wa manjano, sufuria inatoka na masizi. Hapo wengi husema gesi imekwisha, au muuzaji kapunja. Mara nyingi gesi ipo, ila imezibwa njiani au haipati hewa ya kutosha.

Kuhakikisha ni rahisi. Kwenye kola ya mtungi, ile pete ya chuma ya juu, pameandikwa uzito wa mtungi mtupu. Upeleke kwa mtu mwenye mizani ya kuning'iniza. Mji wa samaki kama Mwanza haukosi mizani. Ukisoma kilo 17 na mtungi mtupu ni kilo 14, una kilo 3 za gesi na tatizo liko kwingine. Kuutikisa na kusikiliza hakukuambii kiasi kilichobaki.

Angalia kama moto mdogo uko pleti zote au moja tu. Ukiwa zote, shida iko kabla ya jiko: regulata, mpira, au mtungi wenyewe. Regulata ya jiko la nyumbani hutoa gesi kwa mgandamizo mdogo, kama milibari 30. Baadhi zina kinga inayojibana gesi ikitoka kwa kishindo, kwa hiyo ukifungua mtungi haraka huku pleti iko wazi, moto unakuja hafifu. Zima kila kitu, subiri dakika moja, fungua polepole. Kisha fuata mpira kwa mkono kuanzia mtungini hadi nyuma ya jiko. Mara nyingi utakuta umekunjwa pale jiko liliposukumwa ukutani. Mpira wenye nyufa au uliokakamaa ubadilishwe, hakuna kuufunga kwa selotepu.

Ikiwa pleti moja tu ndiyo inasumbua, kazi iko kwenye kichwa chake na nozeli, kile kipande chenye tundu dogo linalotoa gesi. Funga gesi mtungini, acha jiko lipoe, toa kichwa ukioshe kwa maji ya moto na sabuni. Mafuta ya kukaangia dagaa na uji uliofurika huziba vile vitundu vya pembeni. Kikauke kabisa kabla ya kukirudisha, maana maji yakibaki ndani moto utarukaruka ukadhani umeharibu zaidi. Kikae sawasawa kwenye nafasi yake. Kichwa kilichopinda hutoa moto upande mmoja.

Kwa jiko la mezani la pleti mbili, ligeuze. Utaona bomba linaloelekea kwenye kichwa, na mdomoni mwake nozeli ndogo ya shaba. Hapo ndipo gesi huvuta hewa na kuchanganyika nayo, na hapo ndipo buibui hupenda kujenga. Sisi wa kandokando ya ziwa tuna mzigo wa ziada: wale wadudu wadogo wanaotoka ziwani kama wingu la moshi hufuata taa za jikoni usiku, wakifa hujaa kila kitundu. Safisha bomba kwa brashi nyembamba.

Nozeli ishughulikie kwa adabu. Tundu lake halifiki milimita moja, na shaba ni laini. Ukilichokonoa kwa sindano ya kushonea linapanuka, gesi inazidi hewa, na moto wa manjano hautakuacha tena mpaka ununue nozeli mpya. Tumia uzi mmoja tu wa shaba kutoka kwenye waya laini wa umeme, kisha puliza.

Mdomoni mwa bomba majiko mengi yana kisahani kinachozunguka cha kupimia hewa. Moto wa manjano wenye masizi unataka hewa zaidi, kwa hiyo fungua kidogo. Moto unaovuma na kuruka juu ya kichwa una hewa nyingi mno, punguza. Unaoutafuta ni wa bluu, uliotulia. Moto wa manjano haufai kuvumiliwa: unaweza kutoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu. Kama upepo wa ziwa unapiga moto, kinga jiko au lihamishe, ila usifunge madirisha yote.

Jiko la mtumba kutoka nje lisome kibandiko. G20 maana yake lilitengenezewa gesi asilia, ambayo nozeli zake ni kubwa. Kwa gesi ya mtungi unahitaji G30 au G31. Hapo kusafisha hakusaidii, badilisha nozeli.

Kuna jiko linalowaka vizuri, ukiachia nobu linazima. Hapo tazama kile kipini chembamba kando ya moto, themokapo. Kikipata joto hutengeneza umeme kidogo sana, milivolti 20 hadi 30 hivi, unaoshikilia vali wazi. Shikilia nobu sekunde 10 kwanza. Likizima bado, sugua ncha kwa steelwool na uhakikishe moto unaigusa.

Wakaanga samaki wanaotumia mtungi wa kilo 6 kwa pleti kubwa wanaujua mtungi unaotoka jasho, moto ukazidi kushuka. Gesi iliyo kimiminika ndani ya mtungi ikigeuka mvuke hunyonya joto la mtungi. Upumzishe, au hamia mtungi wa kilo 15. Usiumwagie maji ya moto wala kuulaza.

Ukimaliza kuunganisha, fungua gesi na upake povu zito la sabuni kwenye kila kiungo. Kamwe usipime kwa kiberiti. Mapovu yakikua, funga, kaza au badilisha klipu, upime tena. Harufu ikibaki, usiwashe wala kuzima taa: funga mtungi, fungua milango, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni, kisha utoe mtungi nje ukiwa umesimama.