Nilivyoona nakala ya mama ikiamua hatima ya mbegu

Shuleni nilifundishwa kwamba jeni ni jeni, iwe imetoka kwa mama au kwa baba. Jeni ya MEDEA, iliyoelezwa mwaka 1998 katika mmea mdogo wa Arabidopsis, haikubaliani na hilo. Nilipopata nafasi ya masomo Ujerumani, nilitaka nilione kwa macho yangu.

Kazi yenyewe ni kuchavusha kwa mkono. Ua la Arabidopsis ni dogo kuliko punje ya mchele na hujichavusha lenyewe, kwa hiyo lazima uliwahi likiwa bado tumba. Ufundi wote uko hapa: chagua tumba ambalo petali nyeupe ndiyo kwanza zinachungulia. Likiwa changa zaidi utaumiza pistili, yaani sehemu ya kike ya ua. Likishafunguka, chavua yake imeshatua. Chini ya hadubini niling'oa stameni zote 6, zile sehemu za kiume zinazotoa chavua, kwa kibano chembamba, nikaacha pistili peke yake na kulitia ua alama ya uzi. Baadaye nilichukua ua lililokomaa la mmea baba, nikalipaka juu ya stigma, ncha ya pistili inayopokea chavua, mpaka unga wa njano ukashika.

Nilichavusha pande zote mbili. Mmea wenye nakala moja mbovu ya MEDEA ulipokuwa mama, nilipasua maganda nikakuta karibu nusu ya mbegu zimesinyaa na kugeuka kahawia, zimepangana na nyingine za kijani zilizonona. Mmea wa aina hiyohiyo ulipokuwa baba, mbegu zilinona zote. Nilikaa kwenye ile hadubini muda mrefu, sikutaka kuondoka.

Chanzo chake kiko kabla ya utungisho. Katika seli ya kati, ile itakayozaa endospemu (tishu inayolisha kiinitete, yaani mmea mchanga ndani ya mbegu), kimeng'enya cha DEMETER huondoa alama za methili, vibandiko vya kikemikali vinavyofunga jeni, kwenye DNA, na MEDEA ya mama hufunguka. Ya baba huingia ikiwa imefungwa. Basi ya mama ikiwa mbovu, hakuna wa kushika nafasi yake: endospemu hukua kupita kiasi, na kiinitete hukwama kikiwa na umbo la moyo.

Kwa mwalimu asiye na hadubini, ningependekeza jeni ya R ya mahindi, ambayo Jerry Kermicle aliandika habari zake mwaka 1970. Ikitoka kwa mama, punje hujaa rangi. Ikitoka kwa baba, punje huwa na madoadoa. Mwanafunzi anaweza kuliona hilo kwenye gunzi alilolishika mkononi.