Vioo 12 vibovu, na treni ya Guangzhou kwenda Shenzhen

Tangu nirudi kutoka China watu wananiuliza bei za mzigo, viza, hoteli, kilo moja ya kago inalipiwaje, na yote hayo nitayaandika siku nyingine, leo naomba mniache niongelee treni. Maana ile treni imeniokolea mtaji wangu, yaani naongea kitu kilichonitokea.

Nilifikia mtaa wa Xiaobei, jijini Guangzhou, pale wanapofikia wabongo wengi, unapata mtu wa kukuelekeza kwa Kiswahili na ofisi za kusafirisha mzigo ziko hapo hapo mtaani. Nguo, viatu, mabegi, hivyo Guangzhou vimejaa. Lakini mimi nauza vioo vya simu na spea ndogo ndogo, wateja wangu ni mafundi, na spea za simu mji wake ni Shenzhen, soko la Huaqiangbei. Kwa hiyo siku ya tatu nikaenda, nikanunua vioo 80, nikarudi jioni. Usiku nimekaa chini kwenye sakafu ya rumu na testa yangu, yaani kifaa cha kupimia vioo, nachomeka waya kioo kimoja kimoja, kingine kinawaka vizuri ila tachi ya kona ya chini haishiki, kingine kina mstari wa kijani katikati kama mtu kachora na rula. Nikamaliza kuhesabu, vibovu 12. Kila kimoja nimechukua kwa yuan 95. Piga hesabu mwenyewe, faida ya mzigo wote ule iko kwenye vile vioo 12.

Nikampigia dada yangu mmoja wa biashara, yeye ameanza kuja China tangu 2006. Akaniambia enzi zao ukishatoka dukani umetoka, kwake yeye kwenda Shenzhen ilikuwa safari ya kubeba na nguo ya kulalia, sasa nani arudi na kulipia chumba kingine kwa ajili ya vioo kumi na mbili, ulikuwa unakula hasara unanyamaza. Halafu akasema, "lakini nyie mna hii treni ya kasi, mdogo wangu, amka asubuhi nenda."

Asubuhi nikaenda. Kutoka Xiaobei unapanda metro laini namba 5, stesheni moja tu unashuka Guangzhou Railway Station, unabadilisha laini namba 2 mpaka mwisho kabisa, Guangzhou South. Na hapa niseme kitu ambacho wengi hawajui wakisikia habari za treni za kasi, ile metro ya kukufikisha stesheni inachukua muda mrefu kuliko treni yenyewe! Stesheni wameijenga nje huko Panyu, ikafunguliwa 2010, ina njia za treni 28 chini ya paa moja, ukisimama katikati yake huoni inapoishia.

Mizigo inapita kwenye mashine. Mlinzi akanifungulia begi, akaitoa testa na nyaya zake akawa anaigeuzageuza, mimi Kichina sina, nikachukua kioo kimoja kati ya vile vizima nilivyobeba vya kufananishia nikakichomeka, kikawaka, akatabasamu akanirudishia. Tiketi hamna karatasi, paspoti yako ndo tiketi, ila mageti ya mashine mengine hayasomi paspoti za wageni kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye geti lenye mtu. Na muwahi jamani, geti linafungwa dakika chache kabla ya treni kuondoka na likifungwa limefungwa.

Chini kwenye jukwaa wamechora alama, behewa namba fulani mlango unasimama hapa, watu wanapanga mstari pale pale na treni inakuja mlango unasimama kweli pale pale. Viti vya daraja la pili vitatu upande huu viwili upande ule, A B C halafu D na F, E haipo. Mimi boksi langu la vioo nimelipakata mapajani nimelishika kwa mikono miwili, maana kioo cha simu ni kitu cha kuvunjika, na mwili wangu umezoea basi, basi likiingia kwenye tuta unajua mwenyewe. Treni ikaondoka sijui imeondoka saa ngapi, nimeona tu nguzo za nje zinarudi nyuma. Kibao cha juu ya mlango kinaandika spidi, 180, 240, 290, kikafika 301. Nikaangalia boksi, limetulia. Kama dakika tano baadaye nikaliweka kwenye kimeza cha mbele nikaliachia mikono. Mama mmoja wa Kichina pembeni yangu anamenya chungwa, hata hatazami nje.

Baada ya stesheni ya Qingsheng masikio yanaziba, giza, hapo mnapita chini ya maji, handaki la Shiziyang, lina urefu wa kilomita 10.8 na linapita chini ya mto Pearl pale unapokaribia bahari. Mkitoka mko Humen, upande wa Dongguan. Humen ndo pale mwaka 1839 Lin Zexu, afisa wa mfalme wa China, aliteketeza afyuni, ile dawa ya kulevya, ya Waingereza ikazaa vita, leo ni soko kubwa la nguo. Kuanzia hapo dirishani ni viwanda, viwanda, viwanda, na kati ya viwanda magorofa ya kulala wafanyakazi, kila kibaraza kimeanikwa nguo za kazi, rangi ile ile gorofa zima.

Mimi nilikata ya kuishia Futian, stesheni iko chini ya ardhi katikati ya mji, halafu metro laini namba 2 stesheni tatu tu uko Huaqiang North, ndo hiyo hiyo Huaqiangbei. Saa nne kasoro nimesimama mbele ya yule muuzaji. Alinishangaa. Hakubishana hata kidogo, akatoa testa yake, tukapima vyote 12, kila kibovu anakiweka kushoto na kingine kizima ananipa mkononi, na nikavipima tena vizima mbele yake kwa testa yangu. Saa nane mchana nipo Xiaobei nakula wali. Nauli ya kwenda na kurudi na metro zake haikufika yuan 200.

Sasa nimekuwa nikiifikiria sana hii treni tangu siku ile. Watu wanashangaa spidi, na ni kweli 300 ni 300, ila kwangu spidi ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba ziko nyingi, zinafuatana kama daladala, ukikosa hii huna haja ya kulia, unasubiri kidogo inakuja nyingine. Ingekuwa moja asubuhi na moja jioni, hata ingekimbia 500, mimi ningelala Shenzhen tu kama dada yangu 2006. Na zinaweza kufuatana hivyo kwa sababu njia ni yao peke yao, haipiti treni ya mizigo, hakuna barabara inayokatiza, sehemu kubwa iko juu ya nguzo. Laini yenyewe ilifunguliwa Desemba 26, 2011, kilomita 102 mpaka Shenzhen North, ikasogezwa Futian mwisho wa 2015, na Septemba 2018 ikafika Hong Kong. Na ile reli ya zamani ya 1911 hawakuing'oa, ipo, inatoka Guangzhou East mpaka Luohu, Shenzhen, na inafanya kazi mpaka leo.

Hapo ndo nilipokumbuka kwetu. Reli ya Mjerumani ilifika Morogoro 1907, geji, yaani upana wa njia, ya mita moja, bado ipo, na pembeni yake tuna SGR, geji ya milimita 1,435 ile ile ya Wachina, umeme juu, spidi 160, ilianza kubeba abiria Dar mpaka Moro Juni 14, 2024 na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Nasikia watu wanaibeza kwamba 160 sio treni ya kasi. Mimi sikubali. Stesheni yetu ya Dar iko mjini, karibu na Kariakoo, hatuna ile metro ya karibu saa nzima ya kuifuata Panyu, hiyo peke yake inatufidia sehemu kubwa ya spidi. Ninachokitamani ni treni ziongezwe, ziwe nyingi mpaka mtu aache kuangalia ratiba, na Moro viwanda virudi. Baba yangu mdogo alifanya kazi kiwanda cha turubai pale, anasema asubuhi barabara ilikuwa inajaa wafanyakazi, turubai, viatu, ngozi, tumbaku, vyote Moro. Shenzhen nayo mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa kimji cha mpakani, ndo 1980 wakaifanya eneo maalumu la uchumi viwanda vikaja.

Nina mteja wangu fundi, kijana wa Msamvu, Moro. Zamani nilikuwa namtumia vioo kwenye basi, kikifika kibovu tunaanza kubishana kwenye simu, yeye anasema kimefika hivyo mimi nasema kimetoka kizima, na wote tunasema kweli. Jumamosi iliyopita kaja mwenyewe Dar na treni ya asubuhi, nauli shilingi 13,000, kioo kakifunga kwenye taulo ndani ya begi la mgongoni. Tukakichomeka kwenye testa hapo hapo juu ya meza, kweli tachi ya juu haishiki. Nikampa kingine, akakipima mara mbili, akakikunja kwenye taulo lile lile, nikamuuliza utakula? Akaangalia saa akasema hapana dada, treni.