Kanuni ndani ya sanduku

Hapa Prague, Jamhuri ya Czech, mimi ni mchukuzi, ila mzigo wangu ni hapsikodi, ala ya zamani ya vibonyezo inayofanana na piano. Tajiri wangu anazikodisha na kuzisawazisha sauti. Tunafungua miguu, tunazungushia sanduku mablanketi, tunalilaza ubavu, kisha ngazi.

Siku ya kwanza nilimwuliza mbona piano hii nyepesi. Akafunua kifuniko, akabonyeza kibonyezo taratibu: kijiti kikapanda, kikucha kidogo cha plastiki kikaudonoa waya. Zamani kilikuwa cha unyoya wa ndege. Nikacheka peke yangu. Kumbe hii ni kanuni, ile ala yetu ya nyuzi! Kwetu Unguja mpiga taarabu anavaa pete na kikucha kwenye vidole vya shahada. Hawa wameukabidhi mtambo udonoe. Ndiyo maana hata ukibonyeza kwa hasira, sauti haipandi.

Ndani ya gari jina la mpigaji mmoja wa hapsikodi haliishi kutajwa: Zuzana Růžičková. Alizaliwa Plzeň mwaka 1927, akataka kwenda Paris kusoma kwa mpiga hapsikodi Wanda Landowska, Wanazi wakaivamia nchi. Alikuwa Myahudi. Akapelekwa kambi za Wanazi za Terezín na Auschwitz, Hamburg kwenye kazi za sulubu, halafu kambi ya Bergen-Belsen. Kikaratasi alichonakilia muziki wa Bach, mtunzi Mjerumani wa zamani, alikificha kama hirizi. Alirudi 1945 mikono imeharibika, akaanza upya na mazoezi ya watoto, saa hata kumi na mbili kwa siku.

Mwaka 1956 akashinda mashindano ya muziki ya Munich, milango ikafunguka. Alikuwa wa kwanza kurekodi kwa hapsikodi kazi zote za Bach za ala za vibonyezo. Lakini yeye na mumewe, mtunzi Viktor Kalabis, walikataa kuingia chama cha Kikomunisti, na alipopiga nje ya nchi, sehemu kubwa ya ujira ilibaki serikalini. Mshahara wangu nao haukai, ila huo naupeleka nyumbani kwa hiari yangu. Alifariki 2017, hapa hapa Prague.

Wapigaji wa leo nawaona kwa karibu zaidi. Mapumziko yakifika watu wanakwenda kunywa mvinyo, tajiri wangu anabaki jukwaani na ufunguo anakaza waya mmoja mmoja, maana joto la ukumbi limeshavuruga sauti. Wengi wanafundisha mchana ili walipe kodi ya nyumba.

Juzi binti mmoja alinikuta nafunga mablanketi, akaniuliza kama nampenda Bach.

"Nampenda sana," nikamjibu, "akiwa ghorofa ya chini."