Mbuzi wa udongo na neno "under"

Mwaka jana nilichora kadi 40 za manila, picha upande mmoja, neno la Kiingereza upande wa pili. Nikazibandika kwenye vipande vya boksi kwa uji wa unga, maana gundi ilikuwa imeisha na mwisho wa mwezi bado uko mbali. Panya wa stoo waliufuata ule unga, wiki haikuisha. Zilizosalia zilichukuliwa na upepo wa Julai. Anayeishi Dodoma anaujua upepo huo, na madirisha yetu hayana vioo.

Ndipo nikahamia kwenye udongo.

Nafundisha darasa la kwanza kijijini, wilaya ya Chamwino. Tangu mtaala mpya uanze kutumika 2024, Kiingereza kinaanza na hawa wadogo, na wengi wao nyumbani wanaongea Kigogo, hata Kiswahili ndiyo kwanza kinakaa sawa. Neno geni likija na picha ya kitu kigeni, umemtwisha mtoto mizigo miwili. Lakini mbuzi anamjua. Akitoka shule anakwenda kumchunga.

Udongo tunachimba kwenye kichuguu nyuma ya uwanja. Mbuzi wa kwanza niliwaanika juani, wakapasuka shingo wote. Bibi wa mwanafunzi mmoja, mfinyanzi, alipita akawaona. "Mwanangu, udongo hauharakishwi. Tia mchanga kidogo, ufunike na gunia, uweke kivulini." Nikasubiri siku nne, wakatoka wazima. Miguu ni vipande vya bua la mtama, pembe ni miiba ya mgunga iliyokatwa ncha. Masikio watoto wanayabana wenyewe kwa vidole, kwa hiyo hakuna mbuzi anayefanana na mwenzake, na kila mmoja anamtambua wa kwake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Sisi tunasema kitabu kiko mezani, nguo ziko sandukuni. Hiyo "-ni" inatutosha kote, na msikilizaji anaelewa kipi kiko juu na kipi kiko ndani. Kiingereza kinadai neno tofauti kwa kila mahali. Ndiyo maana watoto wangu walikuwa wanasema "in the table" bila wasiwasi wowote. Nimewakaririsha "in, on, under" wiki mbili, wanaimba vizuri kabisa, ukimsimamisha mmoja peke yake, kimya.

Siku hiyo niliweka boksi la viatu mezani, mbuzi juu yake, nikauliza yuko wapi. "In!" darasa zima. Binti mmoja, asiyezungumza mara kwa mara, akaja mbele na mbuzi wake. Akamtumbukiza ndani, akafunika, akasema "in". Akamtoa, akamsimamisha juu ya kifuniko, akanitazama. Nikamwambia "on". Kisha akainama, akamsukuma chini ya dawati. "Na hapa, madam?"

"Under."

Mpaka kengele ya kwenda nyumbani walikuwa wanapenya chini ya madawati wakilitamka. Sikuwazuia.

Kuna na suala la wingi. Mbuzi mmoja, mbuzi watatu, kwetu neno halibadiliki, ndiyo maana nasikia "three goat" kila siku. Tumejenga zizi la mabua. Akiingia mbuzi wa pili, ile "s" ya mwisho lazima isikike, na kila anayeongezwa anahesabiwa upya kwa sauti. Wanapenda kuivuta kama nyoka. Nawaachia, itafupika yenyewe.

Sasa hivi zizi lina mbuzi 62. Jumamosi bibi ameniambia nimpelekee watoto watano awafundishe kufinyanga vyungu vidogo. Maneno nimeshayaandaa: "pot", "lid", "fire", "water".