Siku Nilipouona Mto Lukuga

Shuleni Kigoma tulikariri sifa za Ziwa Tanganyika kwa tarakimu: urefu wa kilomita 673, kina cha juu cha mita 1,470 hivi, nchi nne zinazolizunguka. Mito inayoingia tuliitaja bila kusita, Malagarasi upande wetu na Ruzizi unaoleta maji ya Ziwa Kivu kutoka kaskazini. Lukuga, mto pekee unaotoka, ulipewa mstari mmoja. Ndiyo maana, likizo moja, nilimwomba mjomba aliyekuwa akipeleka bidhaa Kalemie, ng'ambo ya Kongo, anichukue.

Tulivuka usiku wa giza, karabai za wavuvi wa dagaa zikiwaka kila upande. Nami nilikuwa nikiwaza juu ya maji yaliyokuwa chini yetu, ambayo kuanzia mita mia mbili hivi kwenda chini hayana oksijeni na samaki hawaishi humo.

Kesho yake mjomba alinipeleka kuuona mto. Nilitarajia mkondo wenye kishindo, unaolingana na ukubwa wa ziwa. Mbele yangu ukapita mto wa kadiri, ukielekea magharibi kwa utulivu kuufuata mto Lualaba.

"Mjomba, ziwa lote lile linatokea hapa tu?"

"Mnywaji mkubwa ni jua," akanijibu. "Lukuga unapata makombo."

Alisema kweli, maana sehemu kubwa ya maji ya Tanganyika huondoka kwa mvuke. Hata hivyo, makombo hayo yana uzito wake. Mwaka 1871 wavumbuzi Livingstone na Stanley walikwenda kaskazini wakathibitisha kwamba Ruzizi unaingia ziwani, hautoki humo. Mwaka 1874 mvumbuzi Mwingereza Cameron akaufikia Lukuga, akakuta umezibwa na majani na matope. Maji yaliendelea kupanda, na miaka michache baadaye yalilivunja zuio hilo, ziwa likashuka na ufukwe wa Ujiji ukarudi nyuma. Kwa maoni yangu habari hiyo ilistahili sura nzima kitabuni, kwani mchanga unaokusanyika mdomoni mwa mto mmoja huweza kuamua maji yatafika wapi katika bandari za nchi nne.

Mwaka 2024, ziwa lilipofunika mitaa ya ufukweni Bujumbura na Kalemie, wengi waliokuwa karibu nami walizungumzia mvua tu. Mimi niliulizia kwanza hali ya Lukuga.