Pindo Limekatwa Tena: Kumbukumbu ya Mradi wa Kanga ya Debian

6 Septemba

Nafungua daftari hili kwa sababu jana tumebishana saa nzima juu ya jambo tulilokwisha kukubaliana wiki mbili nyuma. Hakuna aliyekuwa ameandika. Sasa naandika.

Kazi yenyewe ni hii: tunachora mandhari yenye sura ya kanga kwa ajili ya Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Debian ikitoa toleo kubwa huvishwa nguo mpya, na nguo hiyo haishonwi na kampuni. Yeyote aweza kuleta mchoro, jamii inapiga kura, na kazi iliyoshinda ndiyo watu wataiona kila wakiwasha mashine. Toleo la 12, la Juni 2023, lilivaa Emerald ya Juliette Taka. La 13, la Agosti 2025, likavaa Ceratopsian ya Elise Couper. Na si picha moja tu inayotakiwa. Kuna ya nyuma ya madirisha, ya ukurasa wa kuingilia, ya Grub, ile orodha inayotokea mashine inapowaka, na bango la kisakinishi. Zote zije na chanzo chake, yaani faili ambayo mtu mwingine anaweza kuifungua na kuibadilisha.

Tuko wanne. Mimi hushinda kwenye duka la uchapishaji karibu na River Road, Nairobi: kadi za harusi, stika, mabango ya matanga. Yuko msichana wa Umoja anayesomea kompyuta, ndiye anayeijua Git, programu inayotunza na kuunganisha mabadiliko ya faili. Yuko Fundi, mchoraji wa matatu, aliyekuwa akipuliza rangi magari kabla mimi sijamaliza shule ya msingi. Na yuko shangazi yangu wa South C, mzaliwa wa Mombasa, asiye na kompyuta ila ana sanduku la kanga. Shangazi hakualikwa. Alijialika. (Yeye husema leso, kama watu wa kwao wote. Mimi naandika kanga ili ndugu zetu wa Tanzania wasidhani nazungumzia kitambaa cha pua.)

9 Septemba

Nimetupa kazi ya siku kumi na moja.

Nilinunua doti moja Biashara Street, nikaitandaza sakafuni, nikapanda juu ya kiti nikaipiga picha, halafu nikaanza kuifuatisha ndani ya Inkscape, programu ya kuchorea, korosho kwa korosho (lile pambo lenye umbo la korosho). Ilikuwa inapendeza kweli. Msichana wa Umoja akaitazama dakika moja, akauliza, "Kaka, hii ilichorwa na nani?"

Nikamjibu kanga ni yetu sote, ni utamaduni. Akakunja ukingo akanionyesha maandishi madogo: jina la kiwanda na namba ya muundo. Kanga kama vazi ni ya watu wote, lakini mchoro huu mmoja una mwenyewe. Debian haipokei kitu ambacho aliyekileta hana haki ya kukitoa, na kukifuatisha kwa mkono wangu hakukifanyi kuwa changu.

Kinachonichoma ni kwamba kila wiki dukani anakuja mteja na nembo aliyoiokota kwenye intaneti, na mimi ndiye humwambia "hii si yako". Mganga hajigangi.

10 Septemba

Shangazi kafungua sanduku. Nimemwamkia, nikanywa chai, nikafundishwa kusoma kanga kama mtoto wa chuoni: pindo ni ukingo unaozunguka pande zote nne, mji ni uwanja wa katikati, jina ni maneno yanayokaa ndani ya mji, juu kidogo ya pindo la chini. "Usinakili, mwanangu. Tazama mpaka utosheke, kisha funga sanduku uchore."

Nimefunga sanduku, nimechora. Korosho yangu ya kwanza imefanana na figo.

13 Septemba

Stima imepotea tangu saa nane mchana. Figo zimebaki figo.

18 Septemba

Leo hesabu. Kanga ina upana wa sentimita 150 hivi kwa kimo cha 110. Ukigawanya unapata 1.36. Skrini za zamani za 1024 kwa 768 zilikuwa 1.33, karibu zilingane. Skrini za leo ni 1.78, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Ukiiweka kanga nzima, kompyuta ina njia mbili: kuivuta kwa ubavu, korosho zikawa ndizi, au kuikuza mpaka ijaze upana, kisha ikate kinachozidi juu na chini. Kwenye skrini ya 1920 kwa 1080, kanga iliyojaza upana ina kimo cha pikseli 1408. Zinakatwa 328, nusu juu, nusu chini. Pindo letu lilikuwa na pikseli 176, na kwa kila upande zinaliwa 164. Kinachobaki ni uzi wa pikseli 12, ambao nao juu unafunikwa na upau wa GNOME, yale mazingira ya madirisha ya Debian.

Kanga isiyo na pindo ni pazia.

Nimejaribu kuichora upya ndefu, kwa uwiano wa skrini. Imetoka shuka. Msichana wa Umoja ndiye aliyetoa wazo tunalolijaribu sasa: tusiweke kanga nzima, tuweke kona. Pindo kushoto na chini, mji ujaze palipobaki, kana kwamba kanga imetandikwa mezani nawe umeketi penye pembe. Pindo tumelinenepesha ili likikatwa kidogo lisife. Nimemtumia Shangazi picha. Amejibu kwa ujumbe wa sauti: "Hii leso iliyobaki imekwenda wapi?"

27 Septemba

Siku ya leseni. Nilidhani ingechukua dakika kumi, tumetoka gereji usiku.

Tunatumia CC BY-SA 4.0. Kwa maneno ya mtaani: chukua, badilisha, gawa, hata uza, lakini taja waliochora, na ukibadilisha, nawe utoe kwa masharti hayahaya. Fundi alisikiliza akiwa anachubua stika ya zamani kwenye mlango wa gari. Nilipofika neno "uza" akasimama.

"Mtu akichapa fulana na mchoro wangu, akaziuza Gikomba, mimi napata nini?"

Hapati kitu. Nilimwambia hivyo bila kuzunguka. Akauliza kama hakuna leseni ya kukataza biashara. Ipo, lakini Debian haiikubali, kwa sababu programu huria haimbagui mtu kwa kazi anayotaka kuifanya nayo. Anayeziuza CD barabarani na anayefundisha shule ya kijiji ni sawasawa. Fundi akacheka, si cheko la furaha. Kazi zake zimenakiliwa kwenye matatu ambazo hajawahi kuzigusa. Anazijua kwa makosa, maana hata makosa yake yamenakiliwa.

Sikutaka kumsukuma. Mimi nina mshahara wa duka, yeye anakula kwa mkono wake, na ni rahisi sana mwenye mshahara kuhubiri kugawana. Nikanyamaza. Baada ya muda akauliza, "Na jina langu litakaa?" Litakaa. Kuna faili ya wachangiaji inayosafiri na mchoro, na leseni inamlazimu kila anayeugawa amtaje. Akafikiri, akasema hiyo ni bora kuliko matatu, kwa sababu mwenye gari akipaka rangi upya, sahihi ya mchoraji inafunikwa na hakuna wa kumuuliza.

Amekubali. Kisha akataka namba yake ya simu nayo iingie kwenye faili. Kura tatu kwa moja, haikuingia.

4 Oktoba

Fundi anapenda rangi inayoyeyuka ndani ya nyingine. Ni mkono wa bunduki ya kupulizia, siwezi kumlaumu. Alituchorea mji unaoanza na zambarau ya jakaranda (zimeanza kuchanua, barabara zote zimetapakaa maua) na kuishia na weusi wa usiku. Kwenye simu yake, ajabu. Kwenye laptopu yangu ya mtumba kutoka Uingereza, ngazi.

Sababu ni hii. Kila rangi ya msingi kwenye picha ya kawaida ina viwango 256 tu. Mchoro wa Fundi ulitoka kiwango kimoja hadi kingine kwa hatua kama 40, zikatandazwa kwenye pikseli 1920. Kila hatua ikawa mstari wa pikseli 48, na jicho linauona. Na skrini nyingi za bei nafuu hata hivyo 256 hazivifikishi, zina 64 halafu zinaghushi zilizobaki.

Dawa ya kawaida ni kunyunyiza chembechembe za kelele ili kuvunja mistari. Nimejaribu. Mistari imepotea, lakini picha ya PNG ya ukubwa wa 3840 kwa 2160 imetoka chini ya megabaiti 1 ikapita 9, kwa sababu kelele haibanwi. Mtu wa Kitale anayepakua kwa bando la shilingi ishirini atatulaani.

Jibu nilikuwa nalo mkononi tangu mwanzo, na ni aibu kwa mtu wa uchapishaji. Kanga haina rangi inayoyeyuka! Kila rangi huchapwa peke yake, bapa, moja kando ya nyingine. Rangi tatu au nne, basi. Nikiifuata kanga, ngazi hazina pa kutokea na faili inakuwa nyepesi. Fundi amenuna kidogo, halafu akaanza kuniuliza rangi bapa zinapangwaje ili mchoro usife. Sasa mwalimu ni yeye tena, maana maandishi ya ubavuni mwa gari ni bapa siku zote.

12 Oktoba

Nimefuta kazi ya mwenzangu. Msichana wa Umoja na mimi tulifungua faili ileile ya mchoro, ya aina ya SVG, usiku mmoja, kila mtu kwake, na Git ikashindwa kutupatanisha. SVG ni maandishi, ndiyo, lakini Inkscape hupanga upya mistari mingi kwa kitu kidogo ulichosogeza. Nilichagua "yangu". Yake ilikuwa bora.

Nimeomba radhi. Utaratibu mpya: kila umbo faili yake, na anayeishika anatangaza. Pindo nalo tumelijenga kwa umbo moja mama na nakala zake zinazolifuata. Ukirekebisha mama, zote zinarekebika. Leo nimepunguza tumbo la korosho mara moja tu na pindo zima likakonda mbele ya macho yangu. Figo zimekwisha.

19 Oktoba

Jina. Kanga iwe na jina au isiwe nalo?

Fundi alitaka "Mgeni njoo, mwenyeji apone" kwenye ukurasa wa kuingilia, herufi kubwa kama za kioo cha nyuma. Ni tamu, nakiri, na mahali pake ni palepale. Lakini kisakinishi cha Debian kinazungumza lugha zaidi ya 70. Mchangiaji mmoja wa zamani aliye Ujerumani, aliyekuwa akitupitishia macho, aliandika kwa upole kwamba maneno ndani ya picha hayatafsiriki, na kwamba kisanduku cha nywila kitayakalia. Fundi akasema basi hao Wajerumani hawajui leso, na nikaona kabisa tunakoelekea.

Nilidhani Shangazi atakuwa upande wa Fundi. Nilishamsikia akisema leso ni maneno, pambo ni la kusindikiza. Akanyanyuka, akarudi na kisutu chake cha harusi, chekundu, cheusi na cheupe, kimelainika kama ngozi ya mtoto. Akakitandaza mapajani. "Kitafute jina," akamwambia Fundi.

Hakina. Kisutu chake hakikuandikwa kitu, na hakuna bibi harusi aliyelalamika.

Tumeondoa maneno, na tumechukua rangi tatu, michoro yetu wenyewe. Nyekundu imekwenda kwenye pindo peke yake. Tuliijaza kwenye mji jioni moja, na msichana wa Umoja akasema amejisikia kama anaandika programu ndani ya jiko la makaa. Mji sasa ni karibu na weusi, nukta nyeupe chache za mbali, na majina ya ikoni yanasomeka bila kukodoa.

26 Oktoba

Leo ilikuwa zamu ya Grub. Debian hutumia picha mbili hapo, moja ya skrini pana na moja ya skrini za 4 kwa 3. Ya pana nimeikata kona kama tulivyozoea. Ya pili ni pikseli 640 kwa 480, nikaiweka kanga nzima kwa mazoea tu, nikijua itagoma. Haikugoma. Imejaza upana, zimebaki pikseli 11 za kimo, nikazigawa juu na chini.

Dukani tuna skrini nzee ya 1024 kwa 768 tunayoitumia kwa risiti. Nimeiunganisha jioni, Shangazi akiwa amepitia kuchukua kadi za maulidi. Mashine ikawaka, na kanga ikatokea yote, mapindo manne, orodha ya Grub imekaa ndani ya mji. Grub husubiri sekunde 5. Zikaisha, skrini ikawa nyeusi.

"Mbona imeondoka?"

"Imemaliza, Shangazi. Sasa inawaka."

"Irudishe."

Nimezima, nimewasha.